Ukishapata Hifadhi, Faili Halijafungwa

Elimu kwa umma: maswali ya watu wa Bunia kuhusu kusema kweli mbele ya maafisa wa wakimbizi na uhamiaji

Ni vigumu kupata familia ya Bunia isiyo na mtu ng'ambo ya Ziwa Albert. Kuna waliovuka mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, Djugu ilipowaka tena, wakapanda mitumbwi Tchomia na Joo, wakashukia Sebagoro upande wa Uganda, kisha wakapelekwa Kyangwali. Kuna waliopitia Mahagi au Aru na kuishia Kyaka II, Nakivale au Kampala. Na kuna wachache waliokwisha kufika Canada, Marekani au Ufaransa. Wakipiga simu nyumbani huuliza mambo yanayofanana, na mara nyingi hujibiwa na jirani ambaye naye aliambiwa na mwingine.

Waraka huu unajibu maswali hayo kwa lugha ya kila siku. Hauwezi kuchukua nafasi ya mwanasheria, kwa kuwa kila nchi ina sheria yake na kila faili lina historia yake.

Nimeshapewa hadhi ya ukimbizi. Kwa nini bado naulizwa maswali yaleyale?

Hadhi ya ukimbizi ni uamuzi uliosimama juu ya maelezo yako, na maelezo hayo hubaki ndani ya faili. Faili hufunguliwa kila unapoomba kitu kipya: kitambulisho, hati ya kusafiria, kuletewa mke na watoto, kupelekwa nchi ya tatu, na mwishowe uraia. Kila mara anakaa mbele yako afisa asiyekujua, anaweka karatasi ya leo kando ya karatasi ya zamani na kuzisoma zote mbili.

Kwa watu wa mashariki ya Kongo kuna jambo jingine. Wengi wao Uganda iliwapokea kwa kundi, yaani waliandikishwa kwa sababu ya hali inayojulikana ya kwao, bila kila mmoja kuhojiwa kwa undani. Mama aliyeshuka mtumbwini na mtoto mgongoni alieleza maisha yake kwa dakika chache, na miaka sita baadaye anaketishwa kwa saa kadhaa akaulizwa siku, vijiji na majina. Hapo tofauti hazikosekani. Tofauti peke yake si uongo: eleza ilitoka wapi, na usijaribu kuifunika kwa hadithi mpya.

Jina langu liliandikwa vibaya, na tarehe ya kuzaliwa si yangu. Nikisema sasa, wataona nilidanganya?

Hapana, mradi useme mapema na useme wewe mwenyewe. Makosa ya aina hii maafisa wanayafahamu. Sisi tuna majina matatu, nom, post-nom na prénom, desturi iliyoenea tangu siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye majina ya asili mwaka 1972, ilhali fomu nyingi za Uganda zina nafasi ya majina mawili. Post-nom huanguka njiani. Ngabu huandikwa Ngabo, na mtu asiyejua siku yake ya kuzaliwa huandikiwa 1 Januari, kiasi kwamba nyumba nzima ya watu wanane huonekana ilizaliwa siku moja.

Nenda na karatasi yoyote ya zamani uliyo nayo: cheti cha ubatizo, attestation de naissance, kadi ya shule, bulletin. Omba masahihisho yaandikwe, nawe ubaki na nakala. Kosa lililosahihishwa mwaka wa kwanza husomwa kama kosa la karani. Kosa lilelile likigunduliwa siku ya kuomba uraia, utalazimika kueleza ulinyamaza miaka kumi kwa sababu gani.

Mtoto wa marehemu dada yangu nilimwandikisha kama mwanangu. Kwetu ni mwanangu kweli. Je, nimetenda kosa?

Swali hili ndilo linaloumiza watu wengi, na wengi wao hawakuwa na nia mbaya. Kwetu mtoto wa dada au wa ndugu ni mtoto wako, na kumwita "mpwa" mbele ya wageni ni kama kumfukuza mezani. Fomu haina moyo huo. Inauliza nani alimzaa, na kando yake inauliza nani anamlea, na majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kutofautiana bila mtoto kupoteza chochote.

Mwaka 2008 Marekani ilijaribu vipimo vya DNA, yaani vipimo vya damu au mate vinavyoonyesha nani kazaliwa na nani, kwa wakimbizi walioomba kujiunga na jamaa zao waliotangulia. Majaribio yalianzia Nairobi. Chini ya asilimia 20 ya maombi yaliyopimwa ndiyo yaliyothibitika kuwa na uhusiano wote uliotajwa, na mpango huo ukasimamishwa hadi 2012. Ndani ya hesabu hiyo walikuwamo wadanganyifu, lakini walikuwamo pia walioacha kuja kupimwa, na kipimo chenyewe hakiwezi kumtenganisha mdanganyifu na mama mdogo aliyelea yatima. Wote walifungiwa mlango mmoja.

Kwa hiyo sema hivi: "Mtoto huyu alizaliwa na dada yangu aliyefariki, nami ninamlea tangu mwaka fulani." Nchi nyingi zina utaratibu wa mtoto anayelelewa, wenye karatasi zake, na maafisa wa ulinzi wa watoto huangalia maslahi yake. Ukiwa ulikwisha kumwandika kama wa kuzaa, omba kusahihisha kabla hamjaitwa kwenye vipimo.

Na mtoto au mke ambaye sikumtaja kabisa?

Mtaje sasa. Wapo waliomwacha mtoto kwa nyanya yake Mongbwalu wakidhani amekufa, na wapo walioficha mke wa pili kwa kuogopa kukataliwa. Canada ina kanuni kwamba jamaa ambaye hakutajwa wala kuchunguzwa wakati mhusika anaingia nchini hawezi kuletwa baadaye kama jamaa wa familia. Tangu Septemba 2019 kuna nafuu kwa baadhi ya waliotangulia kama wakimbizi, lakini nafuu si haki ya kudumu. Unyamavu unaoonekana mdogo leo unaweza kumwacha mtoto Bunia hadi atakapokuwa mtu mzima.

Wanaosubiri safari nao watoe taarifa ya ndoa mpya, mimba, talaka au kifo, hata kama ndege imeshapangwa. Ndiyo, safari inaweza kuchelewa.

Mkalimani alinielewa vibaya. Kosa ni la nani?

Una haki ya mkalimani unayemwelewa, na una haki ya kusema humwelewi. Kiswahili kinatuunganisha, lakini hakifanani kila mahali. Mtu wa Bunia akisema "bibi yangu alibaki Tchomia" anamzungumzia mke wake. Mkalimani kutoka Nairobi au Dar es Salaam anaweza kusikia nyanya yake, yule tunayemwita koko, na kwenye faili anaandikwa mwanamume asiye na mke. Miaka mitatu baadaye anaomba mkewe aletwe, anaambiwa: ulisema hukuoa.

Neno "ndugu" nalo lina mtego. Linaweza kuwa kaka wa tumbo moja, binamu, au mtu wa kijiji kimoja. Mwisho wa mahojiano omba usomewe yote yaliyoandikwa, na mahali palipopotoka pasahihishwe kabla hujatia sahihi au kidole gumba.

Mama amefariki. Nikirudi Ituri kumzika nitapoteza hadhi?

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema hadhi hukoma mtu anapojirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi yake, au anaporudi kukaa huko moja kwa moja. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, hutazama mambo matatu: ulikwenda kwa hiari, ulikuwa na nia ya kuishi tena chini ya ulinzi wa serikali ya kwenu, na je, ulinzi huo uliupata kweli? Siku nne za matanga kwa kawaida hazijibu "ndiyo" kwa yote matatu. Kwenda kila mwezi kuuza samaki Kasenyi na kujenga nyumba Bunia ni jambo jingine.

Lakini hatari haiko kwenye mazishi peke yake. Iko kwenye kuondoka kimya na kurudi kimya, halafu kuulizwa "umewahi kurudi?" na kujibu "hapana", wakati picha za matanga ziko Facebook kabla udongo haujakauka kaburini. Toa taarifa kabla ya kuondoka. Uganda, anza na ofisi ya makazi yako iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo watu huiita OPM. Ufaransa, hati ya kusafiria ya mkimbizi haimruhusu kuingia nchi aliyoikimbia, na kwa dharura kama msiba huombwa kibali maalumu kwa prefekti. Marekani, hati ya kusafiria ya mkimbizi huombwa kabla ya kutoka nchini, na anayerudi nchi aliyoikimbia ajue ataulizwa sababu.

Kuna usalama pia. Tangu 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi wa dharura, na barabara ambayo shangazi alipita juzi salama huenda leo isipitike. Familia zilizobaki zisimbane mtu arudi kwa ajili ya matanga bila kumpa nafasi ya kuuliza kwanza.

Naweza kuomba pasipoti ya Kongo, au kadi ya uchaguzi, huku nikiwa mkimbizi?

Kuomba au kuhuisha pasipoti ya nchi uliyoikimbia huchukuliwa kama dalili kubwa kwamba umerudi chini ya ulinzi wake. Unaweza kueleza sababu zako, lakini mzigo wa kueleza utakuwa wako. Kwa safari, mkimbizi ana haki ya kuomba hati yake maalumu inayotajwa katika kifungu cha 28 cha Mkataba wa 1951.

Kadi ya uchaguzi uliyokimbia nayo haina shida: ndiyo kitambulisho cha Wakongo wengi, nawe ionyeshe. Waliovuka mpaka mwanzoni mwa 2023 kwenda kujiandikisha upya walifanya hivyo, wengi wao, kwa sababu bila kadi huwezi hata kupokea pesa kwa simu. Ukiulizwa, jibu hilohilo lisilo na mapambo latosha.

Watu wa kabila langu wako pande zote mbili za mpaka. Nikichukua kitambulisho cha Uganda kuna ubaya?

Waalur wako Mahagi na wako Nebbi, Walugbara wako Aru na wako Arua, na Katiba ya Uganda inawataja miongoni mwa jamii zake za asili. Mwenye haki ya uraia wa Uganda audai kwa njia ya wazi. Asichoweza ni kuwa raia katika ofisi moja na mkimbizi katika ofisi ya pili, kwa kuwa mkimbizi kwa maana yenyewe ni mtu aliye nje ya nchi ya uraia wake. Kutoa maelezo ya uongo ili kupata kitambulisho cha taifa ni kosa la jinai, hata kama ulitaka laini ya simu tu.

Nilikuwa kadogo, yaani askari mtoto, katika kundi lenye silaha. Nifiche?

Usifiche, lakini usiseme peke yako: tafuta kwanza mwanasheria wa msaada. Mkataba wa 1951, katika kifungu cha 1F, unawanyima hifadhi watu ambao kuna sababu nzito za kudhani kwamba wametenda uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hausemi kwamba kila aliyeshika bunduki ni mhalifu. Umri, kulazimishwa na matendo yako mwenyewe hupimwa.

Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ya 14 Machi 2012, ilihusu Ituri. Thomas Lubanga alitiwa hatiani kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mbele ya sheria hiyo watoto wale walikuwa waliokosewa. Mtu aliyechukuliwa akiwa na miaka 12 na akayaeleza hayo mapema yuko mahali tofauti na yule ambaye miaka 15 baadaye anatambuliwa na shahidi.

Je, ni kweli kwamba ukikiri kosa unarudishwa siku ileile?

Uvumi huu umewafunga wengi midomo, na unaeleweka, kwa sababu hofu ya kurudishwa ni ya kweli. Lakini si hivyo. Kifungu cha 33 cha Mkataba wa 1951, pamoja na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, vinakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini. Kabla hadhi haijafutwa unapaswa kuelezwa sababu, kusikilizwa na kupewa nafasi ya kukata rufaa. Uganda kuna Bodi ya Rufaa ya Wakimbizi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006.

Hadhi hufutwa pale inapoonekana kwamba, ukweli ungejulikana, isingetolewa tangu mwanzo. Uzito wa uongo ndio unaopimwa. Mwezi Juni 2017 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Divna Maslenjak, mkimbizi kutoka Bosnia aliyeficha kwamba mume wake alikuwa askari wa kikosi kilichotuhumiwa kwa mauaji. Majaji walisema uongo wowote mdogo hautoshi kumvua mtu uraia kwa njia ya kesi ya jinai. Lazima uongo huo uwe ulichangia kuupata uraia wenyewe.

Karibu nasi zaidi yupo Ayaan Hirsi Ali, mzaliwa wa Somalia aliyekulia kwa sehemu Nairobi. Alipoomba hifadhi Uholanzi mwaka 1992 alibadili jina na tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 2006, akiwa mbunge, jambo hilo liliibuka na waziri wa uhamiaji akatangaza kwamba uraia wake ni batili. Mwishoni aliubakiza, kwa hoja kwamba kwa desturi ya Kisomali alikuwa na haki ya kutumia jina la babu yake. Miaka 14 ilikuwa imepita, na serikali ilianguka kwa mzozo huo. Mtu wa kawaida haangushi serikali, anaangukiwa yeye.

Naye mwanariadha Mo Farah alieleza mwaka 2022 kwamba aliingizwa Uingereza akiwa mtoto kwa jina la mtoto mwingine. Serikali ya huko ilisema haitamchukulia hatua. Mtoto habebeshwi uongo wa watu wazima waliomsafirisha.

Tukitangaza kifo katika familia, posho itapungua. Tufanyeje?

Tangazeni. Tunajua posho ni ndogo na njaa ni kubwa, lakini jina la marehemu likiendelea kuchukua chakula, faili zima la walio hai linatiliwa shaka. Katika uhakiki wa 2018 nchini Uganda, uliotumia alama za vidole na mboni za macho, watu wapatao milioni 1.1 ndio walioonekana kati ya milioni 1.4 waliokuwa kwenye orodha. Watu wakasema wengine wote walikuwa wezi. Si haki kusema hivyo: wapo waliorudi kwao, waliohama, na walioandikwa mara mbili.

Dalali anasema atanitengenezea "hadithi nzuri" ya kupelekwa Marekani.

Huduma za UNHCR na za washirika wake hazilipiwi, na hakuna nafasi ya safari inayouzwa. Tena, kwa amri ya rais ya 20 Januari 2025, Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, lakini bado kuna wanaochangisha pesa kwa jina la mpango huohuo. Hadithi ya kununua ina ubaya wake mwingine: imeuzwa kwa wengi, na afisa ameshaisikia asubuhi hiyohiyo. Ulaya kuna hazina ya alama za vidole iitwayo Eurodac tangu 2003, hivyo kubadili jina katika nchi ya pili hakusaidii.

Na waliokimbilia kwetu?

Sheria hizi zinatugusa hata sisi wenyeji. Ituri inawahifadhi Wasudani Kusini, hasa Biringi katika territoire ya Aru, na Kongo ina sheria yake ya wakimbizi nambari 021/2002 ya 16 Oktoba 2002, inayosimamiwa na Tume ya Taifa ya Wakimbizi, CNR. Nao wana wajibu wa kusema kweli na haki ya kusikilizwa. Ndugu zetu walio kambini Kigonze ni wakimbizi wa ndani. Hawajavuka mpaka, kwa hiyo maswali ya waraka huu hayawahusu.

Nianzie wapi?

Kaa na mtu wa familia mwenye kumbukumbu, mwandike tarehe, vijiji na majina ya wote, walio hai na waliokufa. Chukua karatasi ya familia uliyopewa ulipoandikishwa, kitambulisho na karatasi za zamani, uende ofisi iliyokuandikisha. Kama kosa ni zito, pitia kwanza kwa wanasheria. Uganda wapo Refugee Law Project wa Chuo Kikuu cha Makerere. Maelezo yako ni siri, na hayapaswi kupelekwa kwa serikali uliyoikimbia.

Ukitoka ofisini, hakikisha umeandika siku uliyofika, dawati uliloketi na jina la afisa. Asiyejua kusoma aende na mtu wa nyumbani anayemwamini. Asiende na dalali.